Sarafu Zisizozikwa

Treni ya mchana ilikuwa imeshaanza kutambaa, na Inspekta Shakila Iddi bado alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, anahema, mkoba kwapani na kiatu kimoja mkononi. Kile kiatu kilimvuka kwenye ngazi za stesheni ya Dodoma na hakupata nafasi ya kuinama akivae. Nje, watu waliokuja kusindikiza wenzao walikuwa wanaipungia mikono treni nzima, kwa hiyo naye akapungiwa.

"Mama, tiketi," mhudumu akasema.

Shakila akamwonyesha kitambulisho.

"Oo, afande! Shikamoo."

"Marahaba. Kiti cha thelathini na nane kiko upande gani?"

"Kulia, dirishani. Yule baba mwenye koti la kijivu."

Yule baba mwenye koti la kijivu alikuwa Bwana Ludovick, mwenye nyumba ya vitu vya kale kule Miyuji, mtu wa miwani ya kamba na Kiswahili cha kuhutubia. Alikuwa anaelekea Dar es Salaam, na usiku uleule alikuwa na ndege ya kumtoa nchini. Shakila alikuwa na muda wa kutoka Dodoma mpaka Morogoro. Afande Zablon, bosi wake, alimwambia wazi asubuhi ile: "Hii kesi ya sarafu imenichosha. Ukifika Morogoro mikono mitupu, shuka, geuza, tufunge jalada."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Bi Hana wa Mpwapwa alikuwa na ukanda wa ngozi ya ng'ombe ulioshonewa sarafu kumi za Kichina, za duara, kila moja na tundu la mraba katikati. Babu wa mama yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani enzi za misafara, akarudi bila meno mawili ya mbele lakini na sarafu kumi. Tangu hapo, katika ukoo ule, mzaliwa wa kwanza wa kike huuvaa ukanda siku anapomtoa nje mtoto wake wa kwanza ili watu wa upande wa mume wamwone. Wanawake wanne walikuwa wameshauvaa. Wa tano angekuwa Erica, mjukuu wa Bi Hana, aliyejifungua mtoto wa kike siku kumi nyuma.

Kiangazi kile Bwana Ludovick alipita Mpwapwa na kamera yake. Akaziona sarafu, akatikisa kichwa, akasema vitu kama hivi vinapaswa kuandikiwa cheti. Akazikata nyuzi taratibu kwa wembe na kuzichukua sarafu kwa wiki tatu. Ukanda akauacha. Alisema ngozi si kitu.

Alirudisha sarafu kumi za kijani, zimegandia udongo, na barua ya mashine: bandia, hazina maana yoyote ya kihistoria. Barua ilisomwa na wengi kuliko ilivyopasa. Mama mkwe wa Erica akasema ukoo wake haupokei mtoto kwa vizibo vya soda. Siku ya kumtoa mtoto ilikuwa Jumapili. Siku ile ya treni ilikuwa Ijumaa.

Bi Hana alipofika kituoni kwa Shakila hakulia. Alizimwaga zile kumi mezani na kusema: "Hizi si zangu. Na sikuja kudai fedha, mwanangu. Nimekuja kudai bibi yangu, maana wamemfanya mwongo na yuko kaburini."

Shakila akavaa kiatu, akaenda kuketi mbele ya kiti cha thelathini na nane.

"Inspekta!" Ludovick akakunja gazeti. "Karibu sana. Nilikuwa nasikitika safari nzuri kama hii naila peke yangu."

"Ahsante. Nina hati ya upekuzi, Bwana Ludovick. Tuanze na mkoba huo mdogo."

"Hati ya nini, dada yangu? Ungeomba tu." Akaufungua mwenyewe, akatoa mfuko wa kitambaa na karatasi yenye muhuri. "Sarafu sitini. Nakala. Mapambo ya kuuza ng'ambo, aina kumi, sita sita kwa kila aina. Karatasi hii, muhuri huu. Kusafirisha mapambo ni kosa siku hizi?"

"Si kosa."

"Kumwambia bibi wa watu ukweli, je?"

"Ukweli si kosa."

"Basi kumbe tunaelewana," akasema, akaomba chai.

Shakila akazimwaga zote sitini juu ya meza ya kukunja. Zote zilikuwa za kijani kilekile, udongo uleule kwenye mikunjo ya maandishi, kama mifugo iliyonywea dimbwi moja. Nje mashamba ya zabibu yalikuwa yanakimbia kurudi Dodoma.

Jana yake alikuwa amekwenda Msalato, kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege, kumwona injinia mmoja Mchina aitwaye Lu aliyekuwa na ugonjwa wa kukusanya sarafu. Injinia Lu alimpa somo la saa moja wamesimama kando ya rundo la kokoto. Akitazama picha ambayo Bi Hana aliwahi kupigwa amevaa ukanda, alisema sarafu za namna ile ni za nasaba ya Song, miaka elfu moja hivi. Husomwa juu, chini, kulia, kisha kushoto. Na akamwambia zilitengenezwa kwa kumimina shaba kwenye kalibu za mchanga, kisha kuchongwa kingo kwa tupa. Mwisho akamfundisha sauti: shaba changa huimba ukiigonga, shaba ya miaka elfu imeshachoka, haiimbi.

Basi Shakila akachukua penseli, akaitundika sarafu ya kwanza, akaigonga kwa kucha. Tiing. Ya pili, tiing. Ya tatu, tap. Akaiweka pembeni. Abiria wa viti vya jirani wakaanza kunyoosha shingo. Alipomaliza zote sitini alikuwa na tisa zisizoimba.

"Tisa," Ludovick akasema, akipuliza chai. "Bibi si alikuwa na kumi?"

"Alikuwa na kumi."

"Chukua tu hizo tisa, Inspekta. Kwa moyo mkunjufu. Na ya kumi chagua unayoipenda, nakupa iwe zawadi."

Shakila alimtazama. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuona mwizi anayetoa mali halisi kwa moyo mkunjufu. Akazipanga zile tisa upya, akainama karibu kabisa. Nne kati yake zilikuwa na kishimo kidogo kilekile, chini ya herufi ya kulia, kama alama ya ndui. Bi Hana alikuwa na sarafu kumi za namna kumi, hakuna mbili zilizofanana. Nne zenye ndui moja ni ndugu wa kalibu moja.

"Fundi alizidisha madini ya risasi kwenye chungu," akasema polepole. "Ndiyo maana haziimbi."

"Hayo sasa ni mambo ya mafundi," Ludovick akajibu. "Mimi ni mtu wa vitabu."

"Nimeona."

Akazirudisha zile tisa kwenye rundo. Abiria wa kiti cha pili, mama mnene aliyekuwa anakula karanga, akaguna kwa masikitiko kama mtu aliyeona penalti ikigonga mwamba.

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama Gulwe. Shakila alikuwa amepiga simu Mpwapwa asubuhi, na mlango ulipofunguka akaingia Bi Hana, vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope, furushi la kanga amelikumbatia kifuani.

"Mbukwenyi!" akaliamkia behewa zima kwa Kigogo, na nusu ya behewa ikaitika.

"Shikamoo, bibi," Shakila akasema akimpisha kiti.

"Marahaba, mwanangu. Mbona humu mnakaa kwenye barafu? Kuna nyama mnahifadhi?" Kisha macho yake yakamwangukia Ludovick. "Aa. Ipo."

Mama wa karanga akacheka mpaka akapaliwa.

"Shikamoo, mama," Ludovick akasema, kwa adabu zote.

"Sikuitikii mpaka nijue umeniamkia mimi au umewaamkia abiria."

Treni ikaondoka. Shakila akaangalia saa, kisha akaanza kazi upya, safari hii bila kugonga kitu. Alikuwa anatafuta kasoro. Zenye ndui chini ya herufi ya kulia, huku. Zenye ufa mwembamba kwenye ukingo wa juu, huku. Zenye tundu lililopinda pembe moja, huku. Kidogo kidogo meza ikajaa mafungu. Yalipokwisha yalikuwa kumi, na kila fungu lilikuwa na sarafu sita.

"Sita sita," Ludovick akasema. "Kama karatasi inavyosema. Nilikuambia."

"Uliniambia. Nani alikusubia, nani alikumiminia shaba?"

"Fundi mmoja."

"Fredy, anayesubu sufuria kule Majengo."

Kikombe cha chai kikasita njiani. "Huenda ndilo jina lake."

"Nimekunywa naye uji asubuhi. Anasema ulimpelekea sarafu kumi za mfano, akazipigia kalibu, akasubu sita kwa kila moja. Sitini. Akakurudishia na zile kumi za mfano."

"Ndiyo hivyo. Na zile kumi za mfano nikamrudishia bibi huyu, pamoja na barua. Mfano ulikuwa bandia na nakala ni bandia. Sijamficha mtu." Akatua kikombe. "Mama wa bandia huzaa bandia, Inspekta. Hiyo huhitaji kitabu."

Lilikuwa jibu zuri, na lilikuwa limeandaliwa mapema. Shakila akatoa kwenye mkoba bahasha ya kielelezo, akazimwaga zile kumi ambazo Ludovick alimrudishia Bi Hana. Akaipeleka kila moja kwenye fungu lake. Yenye ndui kwenye ndui, yenye ufa kwenye ufa. Sasa kila fungu lilikuwa na saba.

"Kwa hiyo maneno yako ni haya," akasema. "Hii ya bahasha ndiyo mama. Hizi sita za mfukoni ndio watoto."

"Sawasawa kabisa."

"Bwana Ludovick, marehemu baba yangu alikuwa anasubu sufuria Kondoa. Nimekulia kwenye mchanga wa kalibu, nikanyeshewa na majivu kuliko mvua. Unajua kwa nini sufuria uliyoikopi kwenye sufuria nyingine haiingii kifuniko cha ile ya kwanza?"

"Sijui habari za sufuria."

"Madini yakiwa ya moto yanajaa kalibu yote. Yakipoa yanasinyaa. Mtoto wa kalibu siku zote ni mdogo kuliko mama yake. Fundi yeyote wa chini ya mti anajua. Kwenye vitabu sijui kama wanaandika."

Akalichukua fungu la ndui, sarafu zote saba, akazisimamisha kwa kingo zake juu ya meza, zimebanana kama vitabu. Akapitisha kidole gumba juu yake taratibu. Kidole kikateleza, kikateleza, kikakwama. Akarudia. Kikakwama palepale, kwenye ya tano.

"Weka chako," akasema.

Ludovick hakunyoosha mkono. Mama wa karanga akafuta vidole kwenye kitenge, akainuka, akapitisha chake. "Iko moja inakwaza," akatangaza. "Imezidi kwa wembamba wa ukucha."

"Hiyo inayokwaza ndiyo mama," Shakila akasema. "Na haikutoka kwenye bahasha. Imetoka mfukoni mwako. Ya bahasha iko sawa na hawa watoto watano, haina tofauti. Fredy alisubu sitini. Kumi ulimpa bibi. Zilipaswa kubaki ngapi?"

Ludovick akachungulia ndani ya kikombe chake.

"Hamsini," Bi Hana akasema. "Mimi sikusoma, lakini hamsini naijua."

"Hamsini. Ila karatasi yako ilishagongwa muhuri wa sitini, ukaona ukipungukiwa watauliza. Ukajazia kwa zile kumi halisi za bibi. Zimepakwa kijani, zimetiwa udongo, zimechanganywa na watoto wake."

"Kalibu hutofautiana!" Sauti ya Ludovick ilipanda. "Fundi anaweza kusubu moja ikawa kubwa, moja ndogo. Hilo halisimami mahakamani!"

"Moja inaweza. Tuone kumi."

Akafanya fungu la pili, kidole kikakwama kwenye moja. La tatu, kwenye moja. Abiria wa nyuma wakawa wanahesabu kwa sauti. Kila fungu lilitoa mama mmoja, na hakuna mama hata mmoja aliyetoka kwenye bahasha. Kufika la kumi walikuwa wameshapita Kidete, na mhudumu amesahau kabisa kuuliza nani anataka soda.

"Niletee maji ya moto," Shakila akamwambia. "Mabakuli mawili, na sabuni ya kuoshea vikombe."

Katika bakuli la kwanza akatumbukiza nakala mbili za fungu la ndui. Katika la pili akatumbukiza mama. Akazisugua kwa leso. Kijani kikaachia pote pawili, maji yakawa kama ya mlenda. Nakala zikatoka za manjano, zinang'aa kama bomba jipya. Mama akatoka wa kahawia iliyoiva, laini, ukingo mmoja wa tundu lake umeliwa kwa kusuguliwa na uzi, na ndani kabisa ya mikunjo ya herufi kulikuwa na wekundu ambao sabuni haikuuweza.

Bi Hana akatoa sauti ndogo, akaikwapua ikiwa bado ya moto.

"Ngeu," akasema. "Ngeu, ule udongo mwekundu, na samli. Kila mavuno zinapakwa. Mama yangu alizipaka, na bibi alizipaka." Akamgeukia Ludovick. "Wewe baba, nani alikwambia hizi zilitoka chini ya ardhi? Hazijawahi kuzikwa hata siku moja. Zimekaa viunoni mwa watu. Ulizipaka matope ya kaburini ukadhani ndiyo uzee."

Ludovick akavua miwani. "Vitabu vyote vya sarafu..." akaanza.

"Vitabu vyako ni vya waliokuta zimetupwa," Bi Hana akasema. "Sisi hatukutupa."

Hapo Shakila akaelewa kwa nini mama wote waliimba kama watoto wao: shaba huchoshwa na ardhi, si na miaka, na hizi ardhi haikuzigusa. Kazi ilikuwa haijakwisha, maana wakili angesema maji ya moto na kidole gumba ni mambo ya jikoni. "Bibi, fungua hiyo kanga."

Ukanda ulikuwa mweusi kwa mafuta. Mahali sarafu zilipokuwa zimeshonewa, ngozi ilikuwa imebonyea duara kumi, kila moja na mraba mdogo ulioinuka katikati, mahali shinikizo halikufika. Shakila akachukua nakala ya ndui akaiweka kwenye duara lake. Ikacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Akachukua ya bahasha. Ikacheza. Akamwachia Bi Hana mama wa ndui.

Bi Hana hakuangalia chini. Alikuwa anamtazama Ludovick usoni, na kidole chake kikaikandamiza sarafu mahali pake. Ikaingia, ikatulia. Akaugeuza ukanda chini juu. Haikudondoka.

"Ngozi si kitu," Shakila akasema. "Ndivyo ulivyomwambia?"

Kisha Bi Hana akaziweka nyingine tisa, moja moja, kila moja kwao, hata zile zilizokuwa bado zina kijani. Hakukosea duara hata moja na hakuomba msaada. Ya kumi ilipoingia, mama wa karanga akapiga kigelegele, na behewa lote, wafanyabiashara, wanafunzi, askari wawili wa likizo, wakapiga makofi. Bi Hana akasimama katikati ya njia, akauinua ukanda juu kwa mikono miwili, akawageukia wa mbele, kisha wa nyuma, ili kila mtu aone vizuri. Kimo chake hakikuzidi viti kwa mengi, lakini siku ile alionekana mrefu.

"Mtoto wa Erica anatoka Jumapili," akawatangazia. "Mkipita Mpwapwa mmekaribishwa."

Shakila akazifunga nakala sitini kwenye bahasha mbili, akaandika tarehe na saa, akachukua majina na namba za simu za mashahidi wanne. Mama wa karanga alisisitiza awe wa kwanza. Jina lake lilikuwa Dorkasi. Ukanda ulipigwa picha juu ya meza, mbele na nyuma, pamoja na rula.

"Utaubeba wewe, afande?" Bi Hana akauliza, na safari hii sauti yake ilipungua nguvu.

"Kielelezo huweza kukabidhiwa mwenye mali kwa hati, akitunze mpaka kihitajike mahakamani," Shakila akasema. "Saini hapa. Kidole kinatosha."

"Nitaandika jina langu. Hilo nalijua."

Akaliandika, herufi nne, kubwa, zikajaza mstari wote.

Morogoro, Bwana Ludovick alishuka kati ya askari wawili wa stesheni. Aliomba aruhusiwe kubeba mkoba wake mwenyewe, akaruhusiwa.

Alihukumiwa mwaka uliofuata kwa wizi na kwa kujaribu kutorosha vitu vya kale. Alikaa gerezani miezi kumi na minane. Nyumba yake ya Miyuji imepangishwa kwa muuza samani.

Fredy alitoa ushahidi na hakushtakiwa. Bado anasubu sufuria Majengo. Kati ya sarafu sabini ambazo Ludovick aliziita bandia, mahakama ilihesabu nakala sitini tu, ikaamuru ziyeyushwe. Kazi ile alipewa yeye.

Injinia Lu alikwenda Mpwapwa mara moja, akaziangalia sarafu kwa saa nzima bila kuzigusa, akaandika majina ya wafalme wa zote kumi kwenye daftari la shule. Mkataba wake ulikwisha, akarudi kwao.

Afande Zablon alihamishiwa Tabora. Shakila hakupandishwa cheo mwaka ule. Alipewa jalada la ng'ombe waliopotea Chemba, na aliwapata wote isipokuwa mmoja.

Mama mkwe wa Erica alifika ile Jumapili, akaketi mstari wa mbele, akampokea mtoto kwa mikono miwili. Hakuomba radhi kwa maneno. Alileta debe la samli.

Bi Hana alifariki masika ya pili, usingizini. Alikuwa amekataa watu watatu waliotaka kuununua ukanda na mmoja aliyetaka kuuazima.

Erica anaishi Mpwapwa na anauza nguo za watoto. Mwanawe anaitwa Hana, ana miaka mitatu. Kila mavuno hushika bakuli la ngeu wakati mama yake anapaka.